Kivuli Kilihama

Asubuhi ile geti lilikuwa limeng'olewa, limepelekwa kuchomelewa bawaba mpya. Mume wa fundi cherehani akahofia mbwa wao asije akatoka barabarani akagongwa. Akamfunga ukutani kwa mnyororo mfupi, penye kivuli kizuri. Akamwekea bakuli la maji.

"Bosi, tulia hapo," akamwambia, akaenda kazini.

Walimwita mbwa huyo Bosi kwa sababu tangu udogoni hakupenda kutumwa.

Fundi akaketi kwenye cherehani. Alikuwa na sare kumi na mbili za kumaliza kabla ya jioni. Joto lilikuwa halisemeki. Feni ilizunguka, lakini ilisukuma hewa ya moto tu.

Saa sita na nusu akasikia sauti uani, kama ya msumeno butu unaokata mbao. Akaacha kushona, akasikiliza. Akaenda kufungua mlango wa nyuma.

Kivuli hakikuwepo. Jua lilikuwa limekihamishia upande wa pili wa ukuta. Bosi alikuwa amelala ubavu juu ya saruji, ulimi nje, mate mazito yakimning'inia. Bakuli lilikuwa limepinduka. Macho yalimtazama fundi, lakini hayakumwona.

"Mama! Njoo, Bosi anakufa!"

Mama mkwe akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Afe kwa jua? Mnyama amezoea jua, mwanangu."

Bosi akajaribu kusimama. Miguu ikamsaliti, akaanguka.

"Ala!" Mama mkwe akatupa mwiko. "Lete maji tumnyweshe. Mimi namshika mdomo."

"Msimnyweshe!"

Alikuwa jirani yao, daktari wa mifugo, aliyerudi kwake kula chakula cha mchana. Kelele zilimleta mbio, akapitia pale pasipo na geti.

"Hawezi kumeza vizuri. Maji yataingia mapafuni. Mtoeni juani kwanza!"

Fundi akafungua mnyororo. Kwa haraka zake alitoka bila viatu, na sasa saruji ilimchoma nyayo. Wakambeba Bosi hadi barazani.

"Maji ya bomba, ya kawaida," daktari akasema. "Mmwagie tumboni, kwapani, mapajani, kwenye nyayo. Usiache."

Mama mkwe akaleta shuka lililolowa. "Tumfunike hili."

"Hapana, mama. Likikaa juu yake litashika joto kama blanketi. Chukua sinia umpepee. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema. Hewa ikiwa ya moto hivi, kuhema peke yake hakutoshi."

Mama mkwe akapepea kama mtu aliyegomewa na jiko la mkaa. Ndoo ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaisha. Bosi alikuwa vilevile.

"Usinifanyie hivi," fundi alinong'ona. "Bosi, usinifanyie hivi."

Katika ndoo ya tatu, sikio moja likacheza. Pumzi zikaanza kupungua kasi.

Daktari akauliza bila kuinua kichwa, "Mna mnyama mwingine?"

"Paka."

"Yuko wapi?"

Sinia likasimama hewani. "Mungu wangu," mama mkwe akasema. "Nilifunga stoo asubuhi. Sikuangalia ndani."

Stoo ilikuwa ya mabati, paa na kuta. Fundi alikimbia. Alipofungua, joto lilimpiga usoni kama la tanuri. Paka alikuwa nyuma ya magunia, mdomo wazi, akihema. Akambeba mbio hadi barazani.

"Paka akihema mdomo wazi, ujue mambo ni mabaya," daktari akasema. Wakamlowesha kwa viganja vya maji, wakamlaza kwenye vigae karibu na feni. Baada ya muda akajikokota hadi kwenye maji, akanywa mwenyewe. Bosi naye akainua kichwa.

"Tumeshinda?" fundi akauliza.

"Bado. Joto huweza kuumiza figo, na leo usione kitu. Wote wawili kliniki, sasa hivi."

Mume alipigiwa simu. Akaja na gari la mwenzake, madirisha wazi. Paka alirudi nyumbani jioni. Bosi alibaki kliniki siku mbili, akiwa na dripu.

"Nilimfunga kivulini," mume akasema.

"Najua. Na mimi nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, nashona."

Hawakulaumiana zaidi. Mume alijenga kibanda cha mbao, pande mbili wazi upepo upite, mahali penye kivuli kutwa nzima. Wakaweka vyungu viwili vizito vya maji, visivyopinduka. Mbwa alitembezwa alfajiri tu, au jua likishazama. Kabla ya kumtoa, fundi aliweka mgongo wa mkono sakafuni. Kama hakuweza kuuacha hapo akihesabu hadi saba, Bosi hakutoka. Mama mkwe naye hakufunga stoo bila kuchungulia na kuita, "Hodi! Kuna mwenye mkia humu?"

Lakini Bosi alikuwa hajabweka tangu siku ile. Alikula, alitembea, akanyamaza.

Siku ya sita daktari alikuja kumpima. Hakuwa ameingia vizuri, Bosi akatoka kibandani akambwekea mpaka mkoba ukamdondoka.

"Ndiyo shukrani yangu hiyo?" daktari akasema, akicheka.

Fundi alijifuta macho. Mama mkwe akaokota mkoba.

"Msamehe, daktari," akasema. "Mwache abweke. Tumeikosa sana sauti hiyo."