Hodi Kwenye Kioo

Runinga tatu zilikuwa kwenye rafu moja dukani kwa Donati, zote zimeungwa kwenye deki moja, zote zinaonyesha filamu moja. Mwanamume mwenye kanzu alisimama mlangoni kwa watu, akapiga hodi. Ya kwanza ikasema hodi, ya pili ikasema hodi, sawia. Ya tatu ikakawia. Si sana, pumzi moja tu, kana kwamba yule wa humo alikuwa ametokea mbali kidogo kuliko wenziwe.

Sihaba aliliona hilo. Msije mkasema baadaye kwamba hakuliona. Aliliona, akanyamaza, maana ya tatu ndiyo iliyokuwa na bei yake.

"Hii ya kwanza laki sita," Donati alisema. Alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye duka la vifaa vya umeme karibu na stendi ya Kibiti. "Mpya, inchi thelathini na mbili, HD kamili. Ya katikati laki tatu na nusu, mpya pia, ila ndogo, na hiyo HD yake imeandikwa kwenye boksi tu. Nisikudanganye, dada Sihaba."

"Na ile?"

Donati akajikuna shingo. "Ile laki tatu. Kubwa kama ya kwanza. Mama mmoja wa Dimani aliichukua, siku ya nne akairudisha."

"Ina ubovu gani?"

"Nilimuuliza hivyohivyo. Akasema haina ubovu, ila inaonyesha mno."

Wakacheka wote wawili. Miaka ile vitu vya Dubai vilikuwa vinamiminika Kibiti mpaka ukajiuliza wenyewe huko Dubai wamebaki na nini, na mtu aliyerudisha runinga kwa sababu inaonyesha alistahili kuchekwa. Sihaba alikuwa na laki tatu na ishirini, zamu yake ya upatu wa akina mama lishe. Alisogea, akaitazama ile ya tatu vizuri. Kanzu ya yule mwanamume ilikuwa imelowa pindoni, ina tope jeusi la mikoko. Akatazama zile mbili nyingine: kanzu nyeupe, kavu.

"Umeona?" alisema kwa furaha. "Hizi hazionyeshi hata tope. Hii ndiyo HD."

Basi akailipia.

Hakuinunua kwa ajili yake. Aliinunua kwa ajili ya mama yake, Bi Mwamini, aliyetolewa mtoto wa jicho mwaka uliopita na tangu hapo akawa na hamu ya nyuso za watu kama mjamzito na udongo. Runinga yao ya zamani ilikuwa ya chogo, picha ya kijani, chenga tupu. Na Bi Mwamini alikuwa mpweke. Kwao Mahege watu walikuwa wakimpigia hodi tangu alfajiri, huyu anaomba moto, yule analeta samaki. Hapa mjini bintiye alitoka asubuhi kwenda kupika stendi na kurudi jioni, na mlango ukakaa kimya kutwa. "Hapa mtu unaweza kufa ukaoza," alizoea kusema, "na jirani akasikia harufu akafikiri ni takataka." Maneno hayo yalimchoma Sihaba. Hakuwa na mtu mwingine duniani ila mama huyo, na alilijua hilo.

Ijumaa baada ya swala aliifunga runinga ukutani, akaweka kwenye deki yao ileile filamu ya dukani, Donati akiwa amempa kama nyongeza. Bi Mwamini alikaa mkekani, miguu ameinyoosha, kinywa wazi.

"Ati wamo humo?"

"Ni picha, mama. Kama ile ya zamani."

"Ile ya zamani ilikuwa vivuli. Hawa ni watu."

Yule mwenye kanzu akafika mlangoni. Hodi. Dukani mwanamke mwenye nyumba alikuwa ameitikia palepale, Sihaba alikumbuka vizuri. Sasa mwanamke yule wa kwenye filamu alikaa tu na ushonaji wake, kimya, anatazama mbele. Hodi, ya pili. Feni haikusikika tena, wala kuku wa nje. Mwanamume aligeuza uso polepole, akatazama chumbani mwao, akapiga ya tatu, taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyechoka na safari.

Bi Mwamini hakuwa ameiacha hodi ya mtu ianguke chini maisha yake yote.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Pita ndani."

Picha ikaendelea. Mlango wa kwenye filamu ukafunguka, mwenye nyumba akamwekea mgeni kiti, akammiminia chai, akacheka na kuzungumza, na kwenye kile kiti hapakuwa na mtu. Sihaba akachukua rimoti akazima. Ndipo waliposikia nyuma yao, penye mlango wa uani, mtu akivua mitawanda, viatu vya ubao, ko, kisha ko, na harufu ya marashi ikaingia pamoja na harufu ya tope la mikoko.

"Mama," Sihaba alinong'ona, "umemkaribisha nani?"

"Sasa mtu kapiga hodi mara tatu, weye ulitaka nimwache juani?"

Kuanzia siku ile Bi Mwamini hakuwa mpweke. Hilo ndilo lililomtesa Sihaba kuliko yote, kwamba mama yake alifurahi. Alirudi jioni akamkuta anazungumza, anacheka kwa kuziba mdomo na kanga kama msichana, mbele yake mkeka wa pili umetandikwa. Sihaba aliitungua ile runinga ukutani akaisimamisha kioo kikielekea ukuta. Haikusaidia, mlango ukishapitwa si kitu. Kila chakula kilipakuliwa sahani mbili. Baada ya siku tano Bi Mwamini akaanza kuacha ya kwake kabisa.

"Kula, mama."

"Mgeni hajashiba."

"Mgeni gani, mama? Mie simwoni."

"Humwoni kwa kuwa hukai nyumbani," alijibu bila ukali.

Ikafika wiki ya pili, na mifupa ya mabega ya mama ikawa imetokeza chini ya kanga, na mashavu yameingia ndani, na macho yale yaliyofunguliwa na daktari yakawa hayamtazami Sihaba ila yanatazama kando yake, penye mkeka ule wa pili, ambao asubuhi ulikutwa umelowa na una tope pembeni, na mchana wa jua kali, saa saba, wakati Sihaba alipotoroka stendi kuja kuchungulia, alisikia kutoka nje sauti mbili zinazungumza Kindengereko cha kizamani, ya mama yake na nyingine, na ile nyingine ilijibu kila mara kwa kukawia pumzi moja. Aliegemea ukuta akalia. Ningelikuwa na laki sita, aliwaza, mama yangu angekuwa mzima.

Alimwita Maalim Abdulswamadu, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyejulikana kwa kutibu kwa kisomo. Mzee alisoma, akaandika kombe, aya za wino sahanini zilizooshwa kwa maji, Bi Mwamini akalinywa kwa heshima zote, akashukuru, kisha akauliza kama mgeni naye hapewi. Maalim akafunga kitabu chake.

"Huyu aliingiaje?" alimuuliza Sihaba uani, kwa sauti ya chini.

Sihaba akamweleza yote, mpaka lile tope la pindoni.

"Basi tunapoteza bure pumzi. Aliyevamia namtoa kwa kisomo. Huyu kapiga hodi, kakaribishwa. Ana haki ya mgeni, na kwa kisomo hatoki. Ataagwa."

"Kuagwa vipi, Maalim?"

"Kama mgeni yeyote. Mpikieni chakula cha kuagia, ale ashibe, kisha aliyemkaribisha amsindikize, na hicho chombo chake mkibebe. Mkifika penye pori mkiache hapo kimefudikizwa, kioo chini, mseme nenda salama, mgeuke. Lakini siku saba atakuwa bado njiani, anasikia. Siku hizo saba lisitoke vinywani mwenu lile neno la mwenyeji anapoagana na mgeni. Mnalijua."

Sihaba alilijua. Karibu tena. Alilisema mara hamsini kwa siku.

Walipika wali wa nazi na kuku mzima, na alasiri wakatoka. Sihaba aliibeba runinga kichwani, imefungwa kanga mbili, kioo kikitazama nyuma. Mbele yake mama yake alikwenda polepole kwenye njia ya kuelekea Mahege, akiwa ameacha nafasi ya mtu mmoja upande wa kulia, akizungumza habari za mavuno na za watu waliokwisha kufa, na kila hatua aliyopiga ilifuatwa na mlio wa ubao, ko, ko, juu ya mchanga mlaini ambao ubao hauwezi kugonga, na Sihaba akatembea nyuma ya mlio huo shingo imekakamaa, asithubutu kutazama kulia wala kuomba wapumzike, mpaka nyumba ya mwisho ikabaki nyuma na mikorosho ikaisha.

Waliifudikiza runinga kwenye kichaka. Bi Mwamini akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Nenda salama," akasema.

Mlio wa ubao ulikuwa umekoma. Mtu anayeagwa Pwani husubiri kidogo, maana anajua bado neno moja. Huyu naye alisubiri. Sihaba alimshika mama yake mkono akaubana, na mama akaubana wake, na hakuna aliyefumbua kinywa mpaka mlio ulipoanza tena, ko, ko, kuelekea kwenye matope, ukafifia.

Usiku ule Bi Mwamini alikula ugali sahani nzima. Kesho yake akaomba mbili. Siku ya nne alimgombeza Sihaba kwa chumvi, na Sihaba aligeuka kando akatabasamu mpaka machozi yakamtoka.

Kazi ngumu ilikuwa stendi. Wateja walikula, wakalipa, wakasimama wakingoja neno lao, na mama lishe amebana midomo.

"Sihaba siku hizi anaringa," alisema Mfaume, kuli wa stendi aliyekula hapo kila siku. "Tumekula tumeshiba, hata karibu tena hatuambiwi?"

"Si unajua njia," alijibu. "Utakuja tu."

"Haya. Sisi maskini tutajikaribisha."

Watu wakacheka, na yeye akacheka kidogo. Akahesabu: siku ya tano, ya sita.

Siku ya saba lilisimama basi la kusini saa saba mchana, abiria wakashuka na njaa zao, huyu anataka pilau, yule maharage, huyu chenji haijatimia, dereva anapiga honi. Sihaba alikuwa ameinamia sufuria, jasho linamwingia machoni, mkono mmoja na upawa na mwingine unapokea. Waliondoka kwa mkupuo kama walivyoingia. Akasikia wa mwisho akisimama kwenye benchi, akisogeza sahani kwa adabu.

"Haya, baba, karibu tena," alisema bila kuinua kichwa.

Pumzi moja ikapita.

"Nishakaribia," sauti ikajibu.

Aliinua kichwa. Benchi lilikuwa tupu na limelowa. Wali ulikuwa sahanini, haujaguswa, umepoa kama wa jana, na juu ya harufu ya vitunguu kulikuwa na marashi na tope. Upawa ulimwanguka. Alikimbia, sufuria ziko motoni, Mfaume anamwita nyuma, alipita duka la Donati, alipita chuo cha Maalim, kanga imemtoka kichwani na hakurudi kuiokota, na alichokuwa akisema njiani kote ni chukua runinga, chukua mgahawa, mama yangu usimguse.

Bi Mwamini alikuwa amekaa mlangoni, mnene wa mashavu, mzima, sahani ya chakula mapajani, anakula kwa raha. Ndani, kitandani kwa Sihaba, mkeka wa pili ulikuwa umetandikwa.

"Mama," Sihaba alisema. "Mama, amerudi kwako?"

"La, mwanangu," Bi Mwamini alijibu, akimtazama kando kidogo ya bega. "Kanipita hapa, kanisalimu tu. Anasema safari hii ni mgeni wako."