Kiti cha Nne

"Bi Nuala, simama. Hicho kiti kina mwenyewe."

Sauti ya Gráinne haikuwa kubwa, lakini ukumbi wa parokia wa kijiji chetu cha Kilrossan ni mdogo, na kila meza iliisikia. Nilikuwa nimeketi tu, hata koti sijalivua. Baba yake, Fintan, ndiye aliyenivutia kiti.

"Baba yako amenikaribisha," nikasema.

"Baba yangu amejisahau. Hapo alikaa mama. Tangu afariki tunacheza watatu, mimi, baba na mume wangu Colm, na kiti kinabaki wazi. Kilrossan nzima inajua."

Ni kweli, ilijua. Kwenye chemsha bongo yetu kila meza ni ya watu wanne, lakini meza ya kina Fintan iliruhusiwa kubaki na watatu kwa heshima ya marehemu Assumpta. Wala sikuwa mgeni kwa Assumpta. Mume wangu alipofariki, yeye ndiye aliyeniletea supu, akakaa mpaka nikaimaliza, akaosha sufuria mwenyewe.

Nikamtazama Fintan. Nilingoja aseme neno. Akatazama mikono yake.

Nikasimama. Nikarudi meza ya rafiki yangu Bríd na mumewe Mossie. Bríd alinisogezea kikombe cha chai bila kuniuliza lolote, na wema ule sijausahau.

"Kunywa, shoga yangu," akasema. "Halafu tuwapige."

Hatukuwapiga. Siku hiyo sikukumbuka hata mto unaopita Vienna.

* * *

Mimi na Fintan tulianza na maswali. Kila asubuhi alinitumia ujumbe kwenye simu: "Swali la leo. Mfupa mdogo kuliko yote mwilini uko wapi?" Nami nikamjibu: "Sikioni. Niulize jambo gumu, mzee." Baadaye akawa anakuja kuniuliza ana kwa ana, na mkate wa soda usiotiwa hamira mkononi, bado wa moto. Mtu akifikia umri wetu haambiwi maneno matamu mengi. Mapenzi anayapima kwa nani amekumbuka kwamba hapendi zabibu kavu kwenye mkate.

Jioni ile ya aibu simu ikaita.

"Nuala, nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Kwa Gráinne. Ana uchungu bado."

"Gráinne simlaumu. Anamlinda mama yake. Wewe ulikuwa unamlinda nani?"

Sikungoja jibu.

"Fintan, sikuhitaji kiti. Viti viko tele, nyumbani kwangu vinalaliwa na paka. Nilihitaji neno moja kutoka kwako mbele za watu."

"Nilibabaika."

"Basi usinipigie simu wala usinitumie swali mpaka ubabaiko uishe. Mimi si mwanamke wa kupendwa jikoni na kukanwa ukumbini."

Nikakata. Sikujuta.

Siku chache baadaye ukaja ujumbe wa Gráinne: "Bi Nuala, mwanao wa Dublin ana chumba cha wageni kizuri, nasikia. Watu wanaongea. Ungejipumzisha huko."

Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena: "Nimezaliwa Kilrossan, Gráinne, na hapa ndipo nitakapochoka. Jumapili ijayo nitakuja kwenye chemsha bongo. Meza yetu ina nafasi ya mtu mmoja. Na mafua yako yakizidi, chemsha tangawizi."

Nilikuwa nimemsikia dukani akikohoa.

* * *

Jumapili alasiri ukumbi ulijaa. Tulikuwa tunachangia paa, maana ndoo zilishapangwa sakafuni kukinga mvua. Mwalimu Tadhg alipanda jukwaani na kadi zake. Alitufundisha sote shule ya msingi, na mpaka leo hakuna anayemwita kwa jina bila Mwalimu mbele yake.

"Simu mifukoni," akasema. "Watu wanne kila meza. Na neno langu ni la mwisho."

"Hata ukikosea?" Bríd akauliza.

"Mimi sikosei, Bríd. Huwa mnanielewa vibaya."

Watu wakacheka. Hapo ndipo Fintan alipoinuka mezani kwake na kuchukua kofia.

"Baba, unaenda wapi?" Gráinne akauliza. "Tunaanza."

"Najua, binti yangu."

Akakatiza ukumbi katikati ya meza, akipita ndoo moja baada ya nyingine. Kelele zikafifia. Akasimama mbele yetu, kofia kifuani.

"Bi Nuala," akasema, na safari hii hakutazama mikono. "Mezani kwangu kuna kiti cha mke wangu, na sitakigusa. Nimekuja kuomba nafasi mezani kwako. Nasema mbele ya wote ili kesho mtu asihangaike kunong'ona. Nakupenda. Swali langu la leo ni hilo tu, kama nafasi ipo."

"Mossie, sogeza kiti," Bríd akasema.

"Ngoja, Bríd, hajaniambia kwa nini alichelewa," nikasema.

"Nilichelewa kwa sababu ya uoga," Fintan akajibu.

"Kaa. Na kofia usiiweke juu ya karatasi."

Akakaa. Kule upande wa pili Gráinne alikuwa amebaki na Colm na viti viwili vitupu. Uso wake ulikuwa mweupe kama kitambaa cha meza. Niliumia kumwona vile, sitasema uongo.

Maswali yakaanza. Ukuta wa Berlin ulianguka mwaka gani. Nchi gani imechukua Kombe la Dunia mara nyingi kuliko zote. Mossie, ambaye haongei, alijua majibu yote ya mpira na kuyanong'ona kama anaungama dhambi. Kufika raundi ya mwisho, tulikuwa sawasawa kabisa na meza ya Gráinne.

"Swali la mwisho," Mwalimu akasema. "Sayari yenye joto kali kuliko zote ni ipi?"

Minong'ono ikapita ukumbini. Sote tuliijua kadi ile. Mwalimu habadilishi kadi zake, na miaka mingi iliyopita aliliuliza swali hilo hilo. Kadi yake inasema Utaridi, kwa kuwa iko karibu na jua. Siku ile Assumpta alisimama akamwambia, "Mwalimu, ni Zuhura. Imefunikwa na mawingu mazito kama sufuria yenye kifuniko, joto haliponyoki." Mwalimu akamkatalia, Assumpta akapoteza pointi, akakaa chini akicheka. Tangu hapo Kilrossan tumezoea kwamba ukitaka kushinda huandiki kilicho kweli, unaandika kilichomo kwenye kadi ya Mwalimu.

"Unakumbuka?" Fintan akaninong'oneza.

"Nani asahau."

"Tukiandika Zuhura tunashindwa."

"Kalamu ninayo mimi," nikasema. "Na leo sijaja kuandika uongo ili nipendwe."

Nikaandika Zuhura kwa herufi kubwa. Fintan aliufunika mkono wangu kwa mkono wake.

Kisha, kama kawaida yetu, meza zikabadilishana karatasi ili kila mmoja amsahihishe mwenzake. Yetu ikaenda kwa Gráinne, na yao ikaja kwetu. Nikatazama mstari wa mwisho. Utaridi, kwa mwandiko wa Gráinne.

"Jibu," Mwalimu akasema, "ni Utaridi."

"Basi wametupita kwa pointi moja," Bríd akasema. "Haya, nipitishieni keki."

Nikaweka alama ya tiki kwenye karatasi yao, maana sheria ni sheria. Nilipoinua kichwa, Gráinne alikuwa ameshika yetu kwa mikono miwili. Hakuwa ameweka alama yoyote.

Akasimama.

"Mwalimu, umekosea."

"Gráinne, neno langu ni..."

"Ni Zuhura. Mama alikwambia mbele ya watu hawa hawa."

"Lakini ninyi wenyewe mmeandika nini?"

"Tumeandika Utaridi. Nilijua si kweli, nikaandika, kwa sababu nilitaka kumshinda Bi Nuala." Akainua karatasi yetu juu. "Simpendi akiwa na baba, bado. Lakini sitamnyang'anya pointi ya mama. Yetu ifute, yao uwape."

"Binti, chemsha bongo ina taratibu zake..."

Bríd akaanza kugonga kikombe kwa kijiko. Mossie akafuata, kisha Colm, kisha ukumbi mzima, vijiko juu ya vikombe, hata padri. Mwalimu Tadhg akavua miwani, akaifuta taratibu, akachukua ile kadi na kuichana vipande viwili.

"Mama yako alikuwa mwanafunzi wangu mkaidi kuliko wote," akasema. "Nilikuwa namkumbuka sana, na leo nimemwona kwako. Zuhura."

Tukapewa kapu la ushindi, lenye paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi na biskuti. Fintan alikuwa anafuta macho kwa kofia.

Gráinne akaja mezani kwetu na karatasi yetu. Akasimama, hajui aanze wapi.

"Tangawizi ilinisaidia," akasema.

"Nimefurahi, mwanangu."

"Kiti cha mama hakikaliwi."

"Hakikaliwi. Ningekuwa wa kwanza kumwinua atakayekikalia."

Akaitikia kwa kichwa. Akarudi kwenye meza yake, nikadhani yameishia hapo. Kumbe alikwenda kuvuta kiti chake mwenyewe. Akakiburuta ukumbi mzima, miguu ya kiti ikilia sakafuni, akakibana kati yangu na baba yake.

"Gráinne," Mwalimu akaita kutoka jukwaani. "Watu wanne kila meza."

"Hapa tuko watano, Mwalimu," akasema, huku akinyoosha mkono kwenye biskuti. "Andika hivyo."