Maziwa ya Pongo

Mchuzi ulikuwa mweupe. Sira aliuchota kwa upawa, akaunusa, kisha akamwita mumewe kwa sauti ya chini.

"Dossolo, njoo uone. Nyama inatoa maziwa."

Ilikuwa nyama ya pongo, yule swala wa vichakani, zawadi ya Nfaly, kaka yake Sira. Dossolo alikitazama chungu, akakibeba na kwenda kukimwaga shimoni. Alijua nyama ile ilikotoka. Siku mbili kabla, akifuata nyayo bondeni, alimkuta Nfaly akiongeza dawa ya wadudu wa pamba kwenye kidimbwi pekee kilichosalia kiangazi kile. Kando yake walilala pongo watatu, mmoja jike mwenye chuchu zilizojaa, na tai mfu aliyekuja kudonoa.

"Bunduki inachosha, shemeji," Nfaly alisema bila haya. "Maji hayakosi shabaha."

"Wewe ni mwindaji wa ndoo. Hata fisi hulitolea jasho windo lake."

"Basi nenda kanishtaki kwa wawindaji wenzetu. Halafu urudi ukalale na dada yangu."

Dossolo alitema mate, akaondoka, akanyamaza. Alimdharau Nfaly kuliko nzi wa chooni, na aliona dharau hiyo yatosha.

Lakini tangu siku ya mchuzi ule, kila jua lilipofika utosini na kuku kujilaza vivulini, kwato ndogo zilisikika ndani ya nyumba, taratibu, kutoka mlangoni hadi kwenye mkeka wa Sira na kichanga chake Kaniba, zikasimama hapo, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikatanda mpaka machozi yakawatoka, na kitu kisichoonekana kikaanza kufyonza, kufyonza, kama ndama aliyeshindwa na njaa, na kilipoacha, matiti ya Sira yalikuwa makavu kama mifuko mitupu, na mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka.

Walimwita Nagnouma, mfinyanzi, mke wa mhunzi, aliyejua kusema na vya porini. Alikaa nao mpaka kwato zikaja na kwenda. Kisha akamgeukia Dossolo.

"Nani aliona?"

"Aliyemwaga sumu ni Nfaly, mama."

"Sikukuuliza nani alimwaga. Nfaly naye atafuatwa. Huyu ni mtoto wa pongo aliyekufa kwa kukosa mama, amekuja kwa aliyeona akafunga mdomo." Alimtazama toka kichwani hadi miguuni. "Mwanamume mzima. Unaona kinyaa, kisha unakimeza, unajiita msafi."

Sira aliinua uso. "Uliona, Dossolo?"

"Ni kaka yako."

"Na huyu niliyemshika ni nani?"

Alasiri ile Dossolo alisimama mbele ya wawindaji, Nfaly akiwemo, akasema yote, pamoja na kunyamaza kwake. Nfaly alicheka. Walimvua kanzu yake ya uwindaji yenye hirizi, wakaivunja filimbi yake, naye akaondoka akiwaita vikongwe wenye pinde. Nyumbani, Kaniba alikuwa akinyonya, maziwa yakimtiririka kidevuni. Kwato hazikurudi.

Wiki iliyofuata majirani wakasema Nfaly hatoki nje. Sira hakutaka kwenda. Dossolo akaenda mchana, akijiandalia maneno ya kejeli njia nzima.

Alimkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, macho yamemtoka. Shati lake lilikuwa limelowa kifuani, madoa mawili ya duara, na harufu ile ikamjaa Dossolo puani.

"Shemeji," Nfaly alinong'ona, asithubutu kutikisika. "Mwambie aache. Mimi sina maziwa mengi."

Kitambaa cha shati kikavutika chenyewe, kikaachwa, kikavutika tena. Dossolo alirudi kinyumenyume hadi uani, akaurudishia mlango.