Mkono wa Mawese

Kila Jumamosi asubuhi kazi ya Armelle ilikuwa moja, na haikuwa na mjadala: kumenya ndizi. Mama yake, Marie-Claire, akitoka kwenye zamu ya kuwatunza wazee, hujifunga kitenge na kuzikaanga. Lakini Jumamosi hii kazi ilizidi. Alasiri kulikuwa na sikukuu ya kwaya katika kanisa lao la Woolwich, Landani, na Mama alikuwa ameahidi mabeseni mawili ya ndizi zilizokaangwa kwa mawese, yale mafuta mekundu.

"Armelle, washa kikaangio."

Armelle akachomeka plagi ya kikaangio cha umeme na kuzungusha swichi. Taa nyekundu ikawaka kidogo, kisha ikazimika. Akahamia soketi nyingine. Wapi! Akachomeka birika pale pale, nalo likachemka vizuri tu. Kumbe umeme ulikuwepo.

"Ni Reine!" akafoka. "Alikiazima Alhamisi kukaangia chipsi. Amekiharibu makusudi!"

"Umemwuliza?"

"Nimwulize nini, Mama? Si namjua!"

Reine aliishi mlango wa tatu kutoka kwao. Walikuwa darasa moja, kwaya moja. Jumatatu Reine alikuwa amemwambia mwalimu kwamba Armelle alinakili hesabu zake. Na kweli alikuwa amenakili, lakini hilo Armelle hakutaka kulikumbuka. Alichokumbuka ni darasa zima kumgeukia. Tangu siku hiyo alikuwa akitafuta namna ya kulipiza, na sasa aliona sababu imejileta yenyewe.

Mama akashuka chini kumwita Mzee Surjit, mzee wa kilemba aliyezaliwa Kisumu, ambaye maisha yake yote alitengeneza vyombo vya umeme. Mlango ulipofungwa tu, Armelle akakipaka kiganja chake mawese, akatoka kwenye ujia wa ghorofa yao. Nje kwa kina Reine, gauni jeupe la kwaya lilikuwa limetundikwa likauke. Leo Reine angeimba peke yake mbele ya kanisa zima.

"Leo utanitambua!" Armelle akanong'ona.

Akakibandika kiganja kifuani mwa gauni, akakandamiza kwa nguvu zote. Ikabaki alama nyekundu ya vidole vitano. Ee, jinsi alivyojisikia vizuri! Alirudi jikoni akanawa mikono huku akiimba.

Mzee Surjit alipofika, alimsikiliza Armelle akieleza alivyojaribu soketi na birika, akachomoa plagi, akafunua kifuniko, akaangua kicheko.

"Mama Armelle, haya mafuta yamelala! Nani aliyatia?"

"Mimi," Armelle akajibu. "Jana, nikakiacha dirishani."

Mzee akachomeka kijiko ndani ya mawese. Kikasimama wima.

"Kwenu Uvira, kwenye joto, mawese yanabaki maji siku nzima. Hapa Landani baridi inayagandisha. Ukiwasha hivi, chuma cha moto kinayeyusha yaliyo karibu tu, kinabaki hewani, kinapata moto kupita kiasi. Basi swichi ya usalama inakata umeme, nyumba isiungue. Hakuna aliyekiharibu."

Mama akayayeyusha mawese kwenye sufuria kwa moto mdogo, akayarudisha kikaangioni hadi kwenye mstari wa kipimo. Mzee akabonyeza kitufe kidogo cha nyuma kwa ncha ya kalamu ili swichi ya usalama irudi, kisha akachomeka plagi. Taa ikawaka, na safari hii haikuzimika.

Armelle akakitazama kiganja chake. Papo hapo sauti ikasikika nje: "Gauni langu! Nani amenifanyia hivi?"

Mama akatazama kucha za binti yake. Wekundu wa mawese ulikuwa bado chini yake.

Armelle akalichukua gauni lake mwenyewe, safi, limepigwa pasi, akatoka.

"Ni mimi, Reine. Nilidhani umeharibu kikaangio chetu. Nisamehe. Vaa langu."

Reine akafuta machozi kwa hasira. "Na hili atavaa nani?"

"Mimi."

"Vizuri. Na usithubutu kuvaa sweta juu yake!" Akalipokonya gauni safi, akabamiza mlango.

Armelle aliporudi jikoni, Mzee Surjit alikuwa akila ndizi ya kwanza.

"Binti yangu," akasema taratibu, "kikaangio kilipokataa, ulijaribu soketi, ukajaribu birika. Ulifanya vizuri. Chombo ulikichunguza. Lakini Reine ni mtu, na hukumuuliza hata swali moja. Hasira ikikupanda, uliza kwanza."

Alasiri Reine aliimba mpaka watu wakasimama. Nyuma yake alisimama Armelle, bila sweta, mkono mwekundu kifuani. Wimbo ulipokwisha, mtoto mdogo wa benchi la mbele akauliza kwa sauti, "Mama, ule mkono ni wa nani?"

Armelle akainua kiganja chake juu, wote wakione.

"Ni wangu," akasema.