Mtungi Uliokauka Kabla ya Kuibwa

Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Sevasti, fundi wa maabara ya vyombo vya kale kisiwani Kalymnos, alifunua tangi namba nne akapiga ukelele. Mtungi wa mvinyo uliotolewa kwenye meli iliyozama haumo. Maji matupu!

Saa nne ukapatikana ndani ya stoo ya sponji ya Sakellaris, mzamiaji wa Profesa Miltiadis kwa miaka kumi na minane. Kishikio chenye mhuri kimekatwa.

"Funguo za maabara ulichukua jana jioni," alisema Inspekta Themelina.

"Nilirudisha nguo za kuzamia, dada! Jana hiyohiyo ndiyo nimeshuka meli kutoka kisiwa cha Kos, baada ya wiki nzima. Niibe mtungi nilioupandisha mwenyewe? Nina wazimu?"

Themelina alijiuliza. Mwizi gani huyo anaficha kitu kwake, mlango wazi? Akafungua daftari la tangi. Profesa mwenyewe ndiye hupima chumvi inayotoka mtungini kila asubuhi: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, inapungua vizuri. Basi mpaka jana mtungi ulikuwemo, na Sakellaris anakwenda jela. Lakini moyo ulimkatalia.

Sevasti alikuwa akilia kando ya mtungi. "Ona ulivyokauka! Umeota weupe mwili mzima, unabanduka magamba."

"Weupe gani?"

"Chumvi ya bahari. Ndiyo maana tunauloweka miezi na miezi kwenye maji ya bomba. Ukiuacha nje, chumvi inajitokeza na kuubomoa."

"Usiku mmoja tu?"

"Wapi! Siku tatu, nne."

Siku nne nyuma Sakellaris alikuwa Kos. Themelina alimgeukia taratibu Profesa, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Profesa, jana asubuhi ulipima chumvi ya mtungi gani?"

Mzee alivuta kiti. Aliketi.

"Mhuri ulikuwa na waridi," alisema mwishowe. "Alama ya kisiwa cha Rodo. Miaka ishirini nimeandika, nimefundisha, kwamba meli ile ilipakia bandari ya Knidos, si Rodo. Mitungi mingine yote haina mhuri. Kishikio kimoja tu, jamani, kinifanye kichekesho uzeeni!"

"Ukaona heri nifungwe mimi?" aliuliza Sakellaris.

Mzamiaji alisogea hadi kwenye kiti cha Profesa. 

"Ungeniambia tu, Mwalimu. Ningeurudisha kule chini baharini, wala nisingekuuliza kwa nini."