Kipimo cha Shingo

Wapo watakaosema ni presha. Nawajua, na wameshanieleza mpaka nimechoka. Presha alikuwa nayo dada yangu, hilo sibishi. Lakini presha haishiki tepu ya kupimia. Nasimulia nilichokiona kwa macho yangu haya mawili, mchana kweupe, sina homa wala sijalewa.

Mimi na dada ni mafundi cherehani. Yeye anapima na kukata, mimi nashona pindo na vifungo. Yeye ndiye mkubwa, kwa hiyo yeye ndiye bosi, na hana siku anayosahau kunikumbusha. Chumba chetu cha kazi kina cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, pazia la wateja kubadilishia nguo, na kile kioo kirefu alichotuachia marehemu mama. Mambo yenyewe yalianza siku ya kawaida kabisa. Sare za shule zimejaa mezani, redio inajisemea peke yake, dada ananigombeza kwa ajili ya kifungo kimoja kilicholegea.

Ghafla akanyamaza. Nikainua macho. Alikuwa amekata kitambaa cha mteja kikaenda upande, na mkono ulioshika mkasi ulikuwa unatetemeka.

Haikuwa mara ya kwanza, alikuwa ananificha tu. Wiki nzima alikuwa ananipa mimi sindano nimtilie uzi, anasingizia macho. Jamani, mkataji asiyeweza kunyoosha mkasi amekwisha. Dada hana kazi nyingine anayoijua, na wala haitaki. Usiku ule alilia, na dada yangu si mtu wa kulia.

Daktari akasema ni presha, akampa vidonge, kisha akampeleka kwa nesi mmoja anayefundisha watu wa presha kukaa kimya. Meditesheni, ndivyo alivyoiita. Unakaa kwenye kiti, mgongo wima, macho umefumba, unafuata pumzi yako inavyoingia na kutoka. Dakika ishirini kila siku. Dada alirudi amevimba kwa hasira.

"Yaani nitoke kwangu na umri huu nikafundishwe kukaa?"

Lakini akakaa. Kila siku baada ya chakula cha mchana tulirudishia mlango, tukazima redio, naye akaweka kiti mbele ya kioo, maana ndipo penye nafasi. Wiki ya pili akachukua sindano na uzi, akatia mara moja tu. Akanitazama, akaangua kicheko huku machozi yanamtoka. Nikasema moyoni, huyu nesi Mungu ambariki.

Halafu vikaanza vile vitu vya mwilini.

Mwanzoni vilikuwa vidogo. Vidole vinavimba kama unga ulioumuka, akifumbua macho viko vilevile. Sisimizi wanatembea usoni na hakuna sisimizi. Kiti kinainama upande mmoja mpaka anashika meza, kumbe kiti kimetulia. Akawa anamweleza nesi kila anapokwenda kliniki, na nesi jibu lake lilikuwa moja.

"Kawaida. Wanaoanza wengi huhisi hivyo. Usivikimbie, vitazame tu vipite."

Basi dada akavitazama. Siku moja akafumbua macho akashika mkono wake wa kushoto, kuanzia kiganjani hadi begani.

"Kuna kitu kimepita hapa," akasema. "Chembamba. Cha baridi. Kama tepu."

Nikamwambia kawaida. Tukacheka.

Kesho yake kilipita begani, kutoka bega hadi bega. Keshokutwa kikashuka mgongoni. Siku iliyofuata kikamzunguka kifuani, kikakaza kidogo, kikalegea. Dada akamweleza nesi, na nesi kwa mara ya kwanza hakusema kawaida. Alimwambia kama anaona hofu apumzike siku chache, kisha akamuuliza kama nyumbani anakaa peke yake.

Aliponisimulia haya nilikuwa nimeshika pasi, nikaiweka chini. Mkono, bega, mgongo, kifua. Mafundi wengi huanza na kifua. Mpangilio wa kuanzia mkono ulikuwa wa mama, na aliturithisha sisi wawili tu.

"Dada," nikanong'ona. "Ni mama?"

Alitikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Mama alikuwa anapima mkono wa kulia. Sisi pia tunapima wa kulia. Hiki kimenipima wa kushoto."

Wote wawili, bila kuambiana, tukageuka tukatazama kioo. Mle ndani mkono wa kulia ni wa kushoto. Miaka yote mama anapima watu mbele ya kile kioo, kumbe kulikuwa na kitu mle kinajifunza kazi.

Sasa mjue kanuni yetu. Baada ya kifua ni kiuno. Baada ya kiuno ni shingo, na shingo ndiyo ya mwisho. Ukishapima shingo kazi hailali, siku hiyohiyo unashika mkasi unakata.

Nilimsihi. Nilimwambia akakae nyumbani, kitandani kwake, mbali na kioo. Akaenda, akakaa huko. Akarudi asubuhi uso umempauka.

"Kimenipima kiuno hukohuko."

"Basi acha! Acha kabisa hiyo meditesheni!"

"Nikiacha mikono inarudi kutetemeka," akasema, na nikaona hasira inampanda kutoka miguuni. "Nilivyohangaika na hii mikono! Sitafukuzwa kwenye kazi yangu na kitu kisicho na adabu hata ya kupiga hodi. Kinanipima kwa ruhusa ya nani? Mimi ndiye fundi hapa."

"Basi tukigeuzie kioo ukutani."

"Nikipe mgongo? Ng'o. Leo mchana nakaa palepale. Na wewe ushike daftari la vipimo."

Mchana ukafika. Nilirudishia mlango. Nje watu wanapita na mambo yao, mtu anacheka, pikipiki inanguruma. Dada akachukua mkasi mkubwa wa kukatia, akauweka juu ya kiti, akaukalia.

"Kikitaka mkasi kije kiniombe," akasema. Akajizungushia tepu kiganjani, akafumba macho.

Nilikaa kwenye cherehani yangu, daftari mapajani, kalamu mkononi. Dakika tano. Kumi. Pumzi yake ikawa ndefu. Nje kukawa kimya, sijui ni lini watu waliacha kupita.

Nikaona ngozi ya shingo yake inabonyea.

Mstari mwembamba. Upana wa tepu. Ukaanza nyuma, ukaja kulia, ukaja kushoto, ukakutana mbele. Hapakuwa na kitu. Ngozi tu inabonyea. Kioo nilikiogopa, nikakitazama. Mle ndani dada alikuwa amekaa, na tepu yake ilikuwa mkononi mwake, na shingoni hapakuwa na mstari wowote.

Chini ya paja lake mkasi ukalia. Klak.

Ukalia tena. Dada hakuinuka.

"Umemaliza?" akasema, macho bado amefumba. "Haya. Sasa zamu yangu."

Akainua tepu mbele yake, hewani. Akaivuta. Naapa, tepu haikuanguka. Ilikwenda mbele, ikakunja, ikaning'inia juu ya kitu ambacho sikukiona.

"Andika," dada akasema kwa sauti ileile ya kila siku. "Mkono. Thelathini na tisa."

Inchi thelathini na tisa. Mkono wa mtu mrefu sana ni ishirini na sita. Nikaandika.

"Bega. Tano."

Nikaandika.

"Mgongo. Tepu imeisha, andika imeisha. Kifua... subiri, kinapumua." Tepu ikatanuka, ikarudi. Ikatanuka. "Ishirini na nne, kikitoa pumzi. Kiuno kumi na moja. Tulia wewe! Shingo."

Akakaza tepu. Ikaendelea kukaza. Ikakaza mpaka ngumi zake mbili zikagongana hewani.

"Andika hakuna," akasema polepole. Kisha akacheka, kicheko kifupi kikavu. "Kumbe huna shingo. Ndiyo maana unaitaka yangu. Yangu naitumia, bwana."

Mkasi ukatulia. Mstari shingoni mwake ukafifia, ngozi ikarudi. Nje pikipiki ikanguruma tena. Dada akafumbua macho, akaangalia mikono yake. Ilikuwa imetulia. Mimi ndiye nilikuwa natetemeka mpaka kalamu imeniponyoka.

Kanuni ni kanuni. Jioni hiyohiyo alikata. Alichukua kitambaa cha bitana kilichobaki, akakata gauni kwa vipimo vile. Mikono mirefu ajabu, bega jembamba, na juu akashona moja kwa moja, hakuna tundu la shingo. Mimi nikapiga pindo. Tukalitundika kwenye msumari kando ya kioo.

"Kazi yako imekwisha," dada akakiambia kioo. "Vaa, ondoka. Na usirudi na rafiki."

Asubuhi gauni lilikuwa na mikunjo ya viwiko, kama nguo iliyokwisha kuvaliwa. Mikunjo miwili kwenye kila mkono. Siku ya tatu halikuwepo. Mlango ulikuwa na kufuli letu, na ufunguo ulikuwa shingoni kwa dada.

Tangu hapo hakijamgusa. Ni mwezi wa nne sasa. Anakaa kila mchana palepale, anavimba vidole, anatembelewa na sisimizi, anasema kawaida. Mkasi wake unanyooka kama rula. Nilishaanza kumtania kwamba yule mteja wetu hata asante hakusema.

Juzi nilifungua daftari kutafuta vipimo vya mteja. Likafunguka kwenye ule ukurasa. Neno hakuna, nililoliandika mimi mwenyewe kwa kalamu, lilikuwa limepigwa mstari kwa chaki ya fundi. Pembeni kulikuwa na namba. Tarakimu zote zilitazama upande usio wao. Nikapeleka daftari mbele ya kioo, zikanyooka.

Kumi na tatu na nusu.

Shingo ya dada ni kumi na tano. Nikampa tepu, nikainua kidevu. Alinipima mara mbili, zote kumi na tatu na nusu, mikono yake haitikisiki hata chembe.

"Unaogopa?" akaniuliza.

"Sana."

"Vizuri. Kaa."

Mimi sikuwahi kukaa hata dakika moja, hiyo meditesheni nilikuwa naiona kwa dada tu. Jana mchana nikarudishia mlango mwenyewe. Nikaukalia mkasi, baridi yake ikapenya sketi. Dada akashika daftari. Nikajizungushia tepu kiganjani, nikafumba macho, nikafuata pumzi yangu kama alivyonielekeza.

Haikuchukua muda. Mkono wa kushoto ukaanza kufa ganzi, kuanzia kiganjani, kupanda.

"Piga hodi kwanza," nikakiambia.

Kioo kikagongwa kwa ndani, mara tatu.