Linazunguka Lakini Haliwaki

Saa mbili asubuhi.

Chumba cha nyuma ya duka la kuziba pancha kilinuka mpira ulioungua. Shemeji alikuwa amekaa juu ya tairi la lori, chaki mkononi, anachora sakafuni. Nyumba. Geti. Banda la gari.

"Mzee anatoka saa nne kwenda kliniki ya macho. Mlinzi ndiye anayemwendesha. Tunaingia na ufunguo huu hapa. Fundi, unawasha, unatoka nalo. Lori linasubiri nyuma ya kiwanda cha mbao. Kwisha."

"Lenyewe linawaka?" Fundi aliuliza.

"Mzee hulitoa kila Jumapili. Jekundu, viti viwili, la mashindano ya zamani, limekuzidi umri. Mnunuzi anatoa udenda."

Lakini Fundi hakuwa anawaza gari. "Na dada yako je?"

Mke wa Fundi ndiye aliyekuwa akifua nguo katika nyumba ile, na Shemeji alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Swali lilikuwa la kifamilia.

"Leo haendi kazini. Nimemtuma kwa shangazi. Hajui lolote, na wewe usimwambie lolote."

Hakumwambia. Alipotoka gerezani alimwapia mkewe kwamba basi, hizi kazi basi, na mkewe akamjibu kwamba akirudi huko asimtarajie langoni na bakuli la chakula. Asubuhi hii alimwambia anakwenda kutengeneza pampu ya maji ya mtu. Mwongo mkubwa! Na akamdanganya huku anakunywa chai aliyopikiwa.

Wa tatu wao, Ngumi, mabega mapana hadi mlango unamkwaza, alikuwa akifuta bastola kwa pindo la shati.

"Kazi iliyopita tuliuzwa," alisema. "Safari hii nikimjua anayetuuza, awe mama wa mtu, awe mke wa mtu, namlaza hapohapo."

"Nani akuuze wewe, nani atakununua?" Shemeji alicheka. Alicheka peke yake.

Saa nne na robo.

Geti lilifunguka bila kelele. Banda lile lilikuwa safi kuliko sebule ya Fundi, na katikati lilikaa gari, jamani, gari! Jekundu la kuiva, boneti ndefu, taa za mviringo. Fundi alijikuta amefuta mikono kwenye suruali kabla ya kuligusa.

Aliunganisha nyaya chini ya usukani. Ngumi akakaa kitini, akapiga stata.

Nyeu-nyeu-nyeu-nyeu. Injini inazunguka. Haiwaki.

"Tena."

Nyeu-nyeu-nyeu. Wapi!

"Betri imekufa," Ngumi alisema.

"Betri ikifa stata haizunguki hivyo. Nyamaza, nisikilize."

Alifungua boneti. Akachomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, akamwambia Ngumi apige. Petroli ikaruka hadi kwenye kiatu chake. Mafuta yapo. Akarudisha mpira, akafuta, akachomoa waya wa plagi moja, akausogeza karibu na chuma cha injini. "Piga." Hakuna cheche. Akajaribu wa pili. Hakuna. Akaufuata moto unakotoka, akachomoa waya mnene wa koili. "Piga." Tah! Cheche ya buluu, kali, yenye afya.

Basi koili ni nzima. Moto unatoka kwenye koili, unaingia kwenye distributa, unafia humo.

Shemeji alitazama saa yake. "Mimi naangalia geti." Akatoka taratibu, mikono mfukoni, utadhani anakwenda kununua vocha.

Fundi alifyatua vibanio viwili, akainua kifuniko cha distributa. Rota haikuwemo. Kile kipande kidogo chenye ulimi wa shaba, kinachozunguka na kugawa moto kwa kila plagi, hakipo. Hakijavunjika, hakijaungua. Kimetolewa. Na ndani ya kifuniko kumefutwa, kumeng'aa, na kunanukia sabuni ya kufulia.



Mafundi wengi huitoa rota gari lisiibiwe, lakini nani anayefuta na kifuniko? Enzi ya pikapu yao ya mkopo, yeye mwenyewe alimfundisha mkewe kuitoa kila jioni. Mkewe aliificha kwenye kopo la chumvi, na kila mara alifuta humo ndani kwa pindo la khanga. "Uchafu hata kwenye injini sitaki," alikuwa akisema, na yeye akimcheka.

Kumbe amejua. Amejua, na amelizima gari ili mumewe arudi nyumbani. Fundi alitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Mpenzi wangu wewe, alisema moyoni.

"Umeona nini?" Ngumi alikuwa ameshasimama nyuma yake.

Ulimi ukawahi kuliko akili. "Unyevunyevu. Umeingia humu. Nipe dakika tano nikaushe." Akafunga kifuniko na kurudisha nyaya upesi.

"Fanya haraka."

Akafuta waya mkavu. Akapuliza pasipo na maji. Akafikiri. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida: "Haliwezekani hili. Tuondoke."

"Umesema dakika tano."

"Nimekosea."

"Wewe hukosei magari." Bastola ikatoka. "Unyevu, sivyo? Basi kausha. Nimechoka kurudi mikono mitupu."

Fundi akakausha. Angefanyaje? Akisema rota imetolewa, Ngumi atauliza na nani. Aliinamia injini ile, akafuta kisichofutika, huku anahesabika mjinga mbele ya gari ambalo angeliwasha usingizini.

Saa nne na nusu.

Polisi waliingia kwa geti, wakaingia na kwa mlango wa jikoni. Ngumi aliangushwa kabla hajageuka. Fundi aliinua mikono yenye grisi.

Walipotolewa uani, Shemeji alikuwa amesimama getini, hana pingu, anapewa sigara na mpelelezi. "Kesi yako imefutika," mpelelezi alimwambia, wala hakushusha sauti.

Kisha mlango wa jikoni ukafunguka tena, mkewe akatoka, mikono ina mapovu ya sabuni, rota kiganjani ampe mpelelezi. Alimwona Fundi. Akaganda.

"Wewe?" Sauti haikutoka vizuri. "Wewe unafanya nini hapa? Kaka aliponiambia niitoe rota, alisema fundi ni mtu mwingine. Aliniapia!"

Fundi alitazama mikono yake yenye grisi.

"Ulisema pampu," mkewe alisema. "Ulisema unakwenda kutengeneza pampu ya mtu. Nikakuamini, mume wangu."

Akakaa chini palepale, kwenye saruji iliyolowa.

Ndani ya gari la polisi Ngumi, mdomo unavuja damu, alimtazama sana. "Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Nilipofungua kifuniko."

"Tulikuwa na muda wa kukimbia, shenzi wewe. Tulikuwa na muda tele."

Kule bandani mtu alikuwa amerudisha rota, na lile jekundu likawaka kwa mguso wa kwanza. Fundi alisikiliza. Silinda moja ilikuwa inakosa kidogo, plagi tu, kazi ya dakika mbili. Hakuna aliyemuuliza. Mlango ukafungwa kwa nje.